Kitu Namba Saba

Jalada lilikuwa jembamba mno kwa kifo cha mtu mzima: kurasa kumi na moja, picha sita, na karatasi ya kahawia iliyoorodhesha vitu alivyokutwa navyo marehemu. Inspekta mstaafu, mwanamke mwenye mvi, alilisoma mara mbili bila kuinua kichwa. Kisha akafungua mkoba, akatoa rula ya chuma, akailaza juu ya meza kama mtu anayetandika mkeka kabla ya kuketi.

Karani wa kumbukumbu, aliyemfahamu tangu enzi za sare, alicheka.

"Afande Rula, hata ukilipima, jalada halitarefuka."

Jina hilo alipewa miaka ishirini nyuma na askari waliochoka kuambiwa wakapime upya. Hakuwahi kulipenda wala kulikataa.

"Limebakiwa na muda gani?" aliuliza.

"Leo Alhamisi. Kesho saa sita mchana linagongwa muhuri, linakwenda ghalani. Na ghala letu unalijua. Hata panya hurudi nyuma."

Taarifa ilikuwa na mpangilio mzuri, na Rula, aliyeheshimu mpangilio, aliisoma kwa haki. Marehemu alikuwa fundi wa lifti. Wiki tano zilizopita, siku ya Jumanne, alikutwa chini ya shimo la lifti la jengo la ghorofa tisa. Shimo hilo lilijengwa kwa ajili ya lifti mbili, lakini ya pili haikuwahi kununuliwa, hivyo nusu ya shimo ilikuwa wazi kutoka juu hadi chini. Mlango wa ghorofa ya tisa ulikutwa umefunguliwa kwa ufunguo wake. Sababu za kuamini kwamba alijiua zilikuwa tatu. Ya kwanza, barua iliyokutwa katika sanduku lake la zana. Ya pili, pete yake ya ndoa, aliyoivua asubuhi ile na kuiacha nyumbani baada ya ugomvi wa kifamilia. Ya tatu, hirizi mfukoni, "dalili ya mtu aliyekuwa na hofu zisizo za kawaida." Hitimisho lilikuwa mstari mmoja: *Amekufa kwa mkono wake mwenyewe.*

Alianza na barua. Ilikuwa na mistari miwili: *Nimechoka. Mzigo huu siubebi tena. Likitokea la kutokea, msinilaumu mimi.*

"Inauma," karani alisema.

"Inauma, ndiyo. Lakini ni fupi." Rula aliipima. "Upana, sentimita ishirini na moja. Urefu, kumi na saba na nusu. Karatasi ya namna hii hutoka dukani ikiwa na urefu wa karibu thelathini. Kumi na mbili zimekwenda wapi?"

"Labda alitumia kipande alichokuwa nacho."

"Labda. Lakini tazama ukingo wa juu. Haukuchanwa na mtu mwenye haraka. Umekunjwa, ukabanwa, ukapasuliwa sawasawa. Na maandishi yanaanza chini kidogo tu ya mpasuko, hata pumzi hakuna."

Karani aliinama, akautazama.

"Nionyeshe hiyo hirizi."

Kilikuwa kitu namba saba, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa lakiri: kipande cheupe cha kauri, mviringo, kinene kama kidole gumba, chenye vifuniko vya chuma kila upande. Katikati kilikuwa na nukta nyekundu isiyozidi punje ya mtama.

"Kilikuwa wapi mwilini?"

"Mfuko wa shati, kushoto, umefungwa kifungo."

"Na aliyeandika 'hirizi' ni nani?"

"Kijana mmoja mgeni. Alituuliza ni nini, hakuna aliyejua. Akaona kimefichwa kifuani, basi."

"Hirizi gani yenye vifuniko vya chuma?"

"Afande, siku hizi hata waganga wanakwenda na wakati."

Rula hakucheka, ila kona ya mdomo wake ilisogea. Akaweka rula kando ya mfuko, akapiga picha mbili, akaandika katika daftari lake: *Kitu namba saba ni nini?* Akaipigia mstari chini.

*

Aliyemwomba aliangalie jalada lile alikuwa binti wa marehemu, fundi cherehani wa miaka ishirini na mitatu. Alimpokea Rula katika chumba cha mbele, ambako cherehani ilikuwa imeelekezwa dirishani. Chini ya sindano kulikuwa na mkono wa shati, umeshonwa hadi nusu. Vumbi lilikuwa limeshakaa juu ya kitambaa.

"Karibu, mama. Mama yangu amelala. Naomba tuongee polepole."

"Shati hili ni la lini?"

"La Jumanne ile. Nilikuwa nalishona walipokuja kuniambia." Hakulitazama. "Mama, nilikwambia kwenye simu. Mimi simtafuti mtu wa kumfunga. Nataka kujua kama alikusudia. Usiku wa kuamkia siku ile tuligombana kuhusu mchumba wangu. Nilimwambia kuliko kuwa na baba wa namna hii, heri nisingekuwa naye kabisa. Hakunijibu. Asubuhi akaondoka bila kuniamsha. Kwa hiyo nataka kujua. Kama ni mimi, niambie ni mimi."

Rula alifungua daftari kwenye ukurasa mweupe.

"Pete yake aliiacha wapi?"

Binti alishangaa kidogo kuulizwa jambo dogo hivyo. Akaonyesha ubavu wa mlango. Palikuwa na msumari, na kwenye msumari palining'inia pete.

"Pale pale anapoiacha."

"Anapoiacha lini?"

"Kila siku ya kazi. Mwenzake aliwahi kunyofolewa kidole na pete iliyonasa kwenye waya. Tangu hapo baba haingii kazini na chuma mkononi. Saa pia haivai. Akirudi jioni, kabla hata hajavua viatu, anavaa pete. Mama humtania, 'Karibu tena ndoani.'"

"Ukawaambia hivyo askari?"

"Hawakuuliza hivyo. Waliuliza kama kulikuwa na ugomvi nyumbani, nikasema ndiyo. Wakafunga daftari."

Rula aliandika, akafunga kalamu, kisha akamsogezea simu yenye picha ya kitu namba saba.

"Hiki wamekiandika hirizi."

Kicheko kilimtoka binti kabla hajakizuia. Akaziba mdomo kwa kiganja, akatupia jicho mlango wa chumba cha mama yake.

"Hirizi! Masikini baba, angewatimua kwa spana. Hii ni fyuzi, mama. Fyuzi ya lifti."

"Una hakika?"

"Nukta hiyo ni rangi yangu ya kucha. Alikuwa analalamika kwamba akirudi kwenye jengo anakuta fyuzi zake zimebadilishwa, amewekewa kuukuu. Nikamwambia zilete nizitie alama. Zote zina nukta. Mimi mwenyewe nimezipaka, hapa hapa kwenye meza hii."

"Kwa nini iwe mfukoni badala ya kuwa kwenye sanduku la umeme?"

"Ndiyo kazi yake ilivyo. Lifti ile ina fyuzi tatu. Kabla ya kuingia shimoni anachomoa moja, anatia mfukoni, anafunga kifungo. Kibao cha 'Fundi yuko kazini' watu hukitoa, swichi watu huiwasha, lakini fyuzi iko kifuani kwake. Akipanda juu ya kibanda cha lifti anajua hakuna wa kumwendesha. Alikuwa na msemo wake: 'Fyuzi mfukoni, roho mwilini.'"

"Na ikiwa mfukoni, lifti haiendi."

"Haiendi hata uibembeleze."

Rula aligeuza kurasa za nakala aliyopewa kituoni, akafika ukurasa wa nne, akasoma kwa sauti ya chini, neno kwa neno: "'Saa tano na nusu asubuhi tulifika katika jengo, tukapanda kwa lifti hadi ghorofa ya tisa.'"

Binti alimtazama. Macho yake yalitoka kwenye karatasi, yakaenda kwenye picha, yakarudi kwenye karatasi.

"Walipandaje?" aliuliza.

"Ndilo swali langu pia," Rula alisema. "Sasa nijibu jingine. Baba yako alipokuwa akiandika barua za kazi, aliandikaje?"

"Kwenye daftari la nakala, na karatasi ya kaboni chini. Alikuwa hamwamini mtu. Alisema wakubwa wana ugonjwa wa kusahau."

Daftari lilikuwa kabatini, chini ya leso zilizokunjwa. Nakala ya mwisho ilikuwa na tarehe ya Jumatatu, siku moja kabla ya kifo. Rula aliisoma akiwa amesimama.

*Kwa Msimamizi wa Jengo. Hii ni mara ya tatu kukuandikia. Mara mbili kibao changu kimeondolewa na swichi kuwashwa nikiwa ndani ya shimo, kwa sababu wapangaji wana haraka. Naomba sanduku la umeme liwekewe kufuli na ufunguo nikae nao mimi. Nimechoka. Mzigo huu siubebi tena. Likitokea la kutokea, msinilaumu mimi.*

Alitoa rula, akapima kutoka ukingo wa juu wa ukurasa hadi juu ya neno "Nimechoka", ambalo kaboni ilikuwa imelianzisha kwenye mstari wake peke yake. Sentimita kumi na mbili na nusu.

*

Jengo lilikuwa na ofisi chini na juu, na katika ghorofa ya tano palikuwa na daktari wa meno. Rula alipanda ngazi kwa miguu yake. Daktari, mwanamke mnene mwenye koti jeupe na miwani iliyofungwa kamba, alimpokea akiwa bado amevaa glavu moja.

"Kama ni jino, subiri. Kama ni kuuza kitu, ngazi umeziona."

"Ni lifti."

Daktari alivua ile glavu.

"Yule fundi. Maskini. Alikuwa na magego mabovu na woga wa sindano, mtu aliyekuwa akitembea juu ya waya hewani! Uliza."

"Unakumbuka Jumanne ile?"

"Kitabu changu kinakumbuka." Alikifunua, akapitisha kidole. "Saa nne kamili, mgonjwa wangu mzee, mwenye goti bovu. Alinipigia akiwa chini: lifti imekufa, hawezi ngazi. Nikampigia msimamizi saa nne na robo. Nimeandika, kwa sababu mzee akichelewa, wote wanaomfuata wanachelewa na lawama ni zangu."

"Ulimwambia nini?"

"Kusema kweli nilimfokea. Nikamwambia, kama huwezi kuendesha jengo kafuge kuku. Akasema, 'Nipe dakika kumi, daktari.'"

"Ikawaje?"

"Zilifika kweli. Nikatoka kumpokea mzee pale mlangoni. Nikasikia mashine inaanza kuvuma huko juu, kisha kishindo, kama kabati limeanguka. Kibanda kikapita kwenda chini, kikarudi na mzee wangu." Mkono wake ulibaki juu ya kitabu. "Mashine kwanza. Kisha kishindo."

"Una hakika na mfuatano huo?"

"Nina hakika. Hakuna aliyewahi kuniuliza." Alivua miwani, ikabaki ikining'inia kifuani. "Ina maana alikuwa juu ya kibanda, kikamtikisa akaangukia ile nusu iliyo wazi? Wakati mimi nafoka?"

"Koti lako ni jeupe, daktari," Rula alisema, "na naomba uje nalo hivyo hivyo. Nahitaji shahidi ambaye msimamizi atamheshimu."

*

Ofisi ya msimamizi ilikuwa chini, karibu na ngazi: funguo zimepangwa ubaoni kwa namba, kalenda, birika la umeme. Msimamizi mwenyewe alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Mama, hili jambo polisi wamelimaliza."

"Nalimalizia pembeni tu. Jumanne ile, lifti iliwahi kuzimwa?"

"Hapana. Ilifanya kazi asubuhi nzima."

Daktari, aliyesimama mlangoni, alikohoa. Msimamizi alimwona, akarekebisha kalamu zake.

"Labda kidogo tu. Ilisumbua, ikapona yenyewe."

"Lifti haina malaria, baba," Rula alisema. "Haiponi yenyewe. Nani aliigusa?"

"Mimi siigusi. Mimi na umeme ni kama paka na maji."

"Sanduku la umeme liko wapi?"

Lilikuwa kwenye ujia nyuma ya ofisi, limefunikwa kwa kioo. Halikuwa na kufuli. Rula hakulifungua. Aliwasha tochi ya simu, akaiegemeza kiooni. Fyuzi tatu nyeupe zilikuwa zimejipanga kama askari kwenye gwaride.

"Daktari, niambie unachokiona. Kuanzia kushoto."

"Ya kwanza ina nukta nyekundu. Ya pili ina nukta." Daktari alisogeza miwani. "Ya tatu haina."

"Umewahi kuona jino la bandia katikati ya meno ya kweli?"

"Kila siku."

"Basi, hilo hapo. La kweli liko kituoni, ndani ya mfuko wenye lakiri. Lilitolewa kwenye shati la marehemu likiwa limefungiwa kifungo." Rula alizima tochi, akamgeukia msimamizi. "Fyuzi za akiba anatunza nani?"

Msimamizi alisogea kuikinga rafu. Lakini boksi lilionekana nyuma yake, rafu ya juu, likiwa limeandikwa kwa mwandiko safi: *Akiba. Sita.* Rula alilishusha, akalifungua, akamwonyesha daktari. Zilikuwa tano.

Msimamizi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nilimwita," alisema. "Nilisimama hapa chini nikamwita mara mbili. Fundi! Fundi! Kimya. Nikajua ametoka kunywa chai."

"Ulimwita kutoka chini, naye yuko ghorofa ya tisa."

"Daktari alikuwa ananifokea. Mzee amesimama na fimbo yake, watu wanatazama."

"Kibao kilikuwepo?"

"Kilikuwepo. Lakini kibao hicho, mama, mara nyingine alikuwa anakisahau siku nzima."

"Na pengo la fyuzi halikukuambia kitu?"

"Liliniambia imeungua. Nikasema ndiyo maana hayupo, amekwenda kununua nyingine. Nikaona nimsaidie." Alipangusa paji la uso kwa kiganja. "Wallahi, nilidhani namsaidia."

Kwa mara ya kwanza siku ile Rula aliyaacha maneno ya mtu yakae hewani bila kuyapima. Alimwamini. Kosa lile lilikuwa na umbo la ukweli: mtu aliyeona pengo, akalijaza. Kisha akatoa nakala ya kaboni.

"Barua hii aliiweka mezani kwako Jumanne asubuhi. Kipande cha chini kikakutwa kwenye sanduku lake la zana. Cha juu kiko wapi?"

"Nilikichoma."

"Saa ngapi?"

"Kabla polisi hawajafika."

"Ulipoweka fyuzi ulikuwa mzembe," Rula alisema. "Wazembe tuko wengi, na sheria inatujua. Lakini ulipokunja karatasi ile, ukaibana, ukaipasua sawasawa, hukuwa na haraka tena, wala hakuna aliyekuwa akikufokea. Hapo ndipo ulipomfanya mtu ajiue wiki tano mbele ya mkewe na binti yake."

Msimamizi aliinamisha kichwa. Daktari wa meno alikuwa analia bila sauti, na bado ameshika boksi la fyuzi kwa mikono miwili, kama alivyoambiwa, ili lisiguswe na mwingine.

*

Ijumaa, saa tano na nusu asubuhi, muhuri ulikuwa tayari juu ya meza ya karani, na kidau cha wino kimefunguliwa. Rula aliweka kando yake maelezo matatu yaliyotiwa saini: ya daktari, ya msimamizi, na yake. Karani aliyasoma yote. Alipomaliza, alifunika kidau cha wino, akautia muhuri kwenye droo.

"Kuna kazi moja imebaki," Rula alisema. "Orodha ina kosa, na kosa lisahihishwe na anayekijua kitu."

Binti aliingia. Alikuwa amevaa nguo safi, na kwenye kidole gumba chake cha kulia kulikuwa na tundu jipya la sindano. Rula aliliona, akajua kwamba shati limeanza kushonwa tena tangu alipompigia simu jioni.

Karani alimkaribisha kiti, akauweka mfuko wa nailoni mbele yake, akashika kalamu. Sauti yake, iliyozoea mzaha, sasa ilikuwa ya kiserikali kabisa.

"Kitu namba saba. Unakitambua?"

"Nakitambua."

"Kwa alama gani?"

"Nukta nyekundu. Niliipaka mimi."

"Ni nini?"

"Ni fyuzi ya lifti."

Karani alikata neno "hirizi" kwa mstari mmoja, akaandika jina sahihi juu yake. "Kuna la kuongeza?"

Binti alimtazama Rula. Rula alisogeza jalada taratibu hadi mbele yake, limefunguliwa pale penye hitimisho la mstari mmoja. Binti alisoma mstari ule. Hakuusoma haraka.

"Andika," alimwambia karani. "Andika kwamba aliichomoa kwa mkono wake mwenyewe. Akaitia mfukoni, akafunga kifungo, ili arudi."

Karani aliandika yote, mpaka kifungo.